Peremende Zisizo Peremende

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba kuhalalishwa kwa bangi ni jambo la nchi za mbali lisilotuhusu sisi wa visiwani. Hapa Zanzibar bangi ni marufuku, na msimamo wetu ni kwamba ibaki hivyo. Hata hivyo, marufuku peke yake haimlindi mtoto.

Jimbo la Colorado, Marekani, liliihalalisha kwa kura mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014. Ulizungumzwa sana uhuru wa mtu mzima. Mtoto hakuulizwa. Bangi ikatoka katika msokoto ikaingia katika keki, chokoleti na peremende za rangi. Nchini Marekani, watoto wa chini ya miaka 6 walioripotiwa katika vituo vya ushauri wa sumu kwa kula vitu hivyo walikuwa 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 wakafikia 3,054. Wengi mno walivikuta nyumbani.

Kanada nayo ilihalalisha Oktoba 2018, na vyakula vya bangi vikafuatia baada ya mwaka mmoja. Jimbo la Quebec lilikataa kuuza peremende na chokoleti za aina hiyo. Katika majimbo makubwa yaliyoziruhusu, idadi ya watoto waliolazwa hospitali ilipanda tena, Quebec haikupanda.

Sasa tujitazame. Baadhi ya wageni wetu hutoka katika nchi hizo. Peremende iliyosahauliwa chumbani mwa mgeni huweza kuchukuliwa na mfanyakazi, kwa nia njema kabisa, akawapelekea wanawe. Ni nani atakayemlaumu?

Bangi iliyoliwa huchelewa. Hupita nusu saa, hata saa mbili, mtoto yu mzima anacheza. Kisha hulegea, hupepesuka, husinzia asiamke vyema, na pengine hupata degedege au pumzi humpungua. Mama atadhani ni malaria au uti wa mgongo. Wengine watamkimbilia mganga wa pepo. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Kinachomwokoa mtoto ni kuangaliwa pumzi yake hospitalini, na mapema.

Hapo ndipo ilipo hofu yetu kubwa. Mzazi anayejua alichokula mwanawe atanyamaza mbele ya daktari kwa kuogopa polisi, na daktari atapoteza saa nzima akitafuta ugonjwa usiokuwapo. Tunawaambia wakubwa wa Serikali bila ya kificho: toeni agizo la maandishi kwamba mzazi aliyemleta mtoto hospitali aulizwe habari za tiba tu, na asikabidhiwe kwa polisi kwa sababu ya jibu lake. Muuzaji na aingie mikononi mwa sheria, huyo hatumtetei.

Maofisa wa forodha, bandarini na uwanja wa ndege, nao waonyeshwe peremende hizo zilivyo, maana huwezi kukamata usichokijua. Wenye mahoteli wawaambie wafanyakazi wao kwamba chakula kilichoachwa na mgeni kitupwe, hata kikiwa bado kimefungwa.

Agizo hilo la hospitali halihitaji fedha. Tunalisubiri.