Maumivu ya ubavu si uchovu wa safari

Kila anayepita Kobero na Kabanga, au Mugina na Manyovu, anaijua tabia hii: mtu anaanza safari alfajiri bila kunywa hata glasi ya maji, akiogopa kubanwa na haja njiani. Wanaoumia zaidi ni kina mama, kwani basi halisimami wanapotaka, na choo kikipatikana mara nyingi ni kichafu. Kwa maoni yangu, tabia hii inatuletea ugonjwa ambao hatuuzungumzii vya kutosha: mawe kwenye figo.

Mwili ukikosa maji, mkojo huwa mzito. Madini yaliyomo, hasa kalsiamu, huganda polepole na kuwa jiwe. Jiwe hilo laweza kukaa kimya muda mrefu. Taabu huanza linapokwama kwenye mrija unaoteremsha mkojo hadi kwenye kibofu.

Tatizo ni kwamba dalili zake tunazipa majina mengine. Mbeba mizigo atasema ni mgongo. Mwanamume ataambiwa ni ngiri, mwanamke ataambiwa ni chango, na wote watachemshiwa mizizi. Isitoshe, sisi tuliokulia kambini tumezoea kuvumilia mpaka tuanguke.

Tujifunze kutofautisha. Mgongo uliochoshwa na mzigo kwa kawaida hupata nafuu ukilala. Maumivu ya jiwe huanza ghafla ubavuni, hushuka hadi kinenani, hupanda na kupungua kama mawimbi, na mgonjwa hugaagaa asijue alalie upande gani. Huenda akatapika. Mkojo unaweza kuwa na damu, au kumuunguza na kumbana kila mara. Damu hiyo yaweza pia kuwa ya kichocho au ugonjwa mwingine, ndiyo maana dawa ya kubahatisha haifai. Nenda ukapime mkojo.

Yapo mambo mawili yasiyongoja kesho: maumivu hayo yakija pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa. Kumeza dawa ya malaria ili uwahi soko ni kuchezea roho yako.

Jiwe lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Kubwa zaidi laweza kuhitaji upasuaji, na hapo mtaji wote huishia hospitali. Kinga yake ni rahisi: maji ya kutosha, lita 2 hadi 3 kwa siku, mpaka mkojo uwe mweupe. Soda si badala ya maji. Tupunguze chumvi pia, ikiwemo ya dagaa waliokaushwa kwa chumvi.

Lakini kumwambia mama anywe maji bila kumwonyesha choo ni kumdhihaki. Mfanyabiashara hulipa ushuru pande zote mbili za mpaka. Sehemu ya fedha hizo ijenge vyoo safi na mabomba ya maji vituoni, na wenye mabasi wakubali kusimama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.