Karafuu za Zanzibar kwenye kompyuta
Kijana wa Izki, Oman, anayecheza Civilization VI, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2016, huenda akaikuta Zanzibar kwenye ramani: dola-mji inayompa karafuu na mdalasini mchezaji mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote juu yake. Karafuu hizo hazimletei ushindi. Zinawaridhisha raia wa miji yake, basi, na kazi ya kupanga inabaki kichwani mwake. Utamu uko hapo. Ukijenga jeshi umechelewesha maktaba, ukikimbilia chuma cha mbali jirani anakuvamia nyuma, na kosa la zamu ya 40 unaweza kulilipa zamu ya 200. Wazee wetu wanaocheza hawalis, bao la Oman lenye mashimo 28 na kete 56, wanaujua utamu huo, maana hakuna dadu ya kulaumiwa, ni hesabu tupu. Ndiyo maana Civilization, iliyoanza mwaka 1991, haijachuja, na wimbo wa toleo lake la nne, Baba Yetu, ulioimbwa kwa Kiswahili, ulipata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 2011. Wazazi, kabla hamjazima kompyuta, kaeni kando ya mtoto mmwulize kwa nini ameuacha mji ule utekwe, na mzisikilize hoja zake.