AC ya Ndai Inapuliza Moto? Usikimbilie Gesi

Uko kwa jamu ya Thika Road saa nane mchana, AC inapuliza hewa kama ya jiko. Fundi anakushow, "Ongeza gesi tu." Msee, tulia. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua sana, kuna mahali inavuja, na usipoziba utalipa tena na tena.

Na si mfuko wako pekee unaumia. Ndai nyingi za mtumba kutoka Japani ziko na R134a, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi. Kigali, 2016, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za aina hii. Ulaya haiwekwi tena kwa gari mpya tangu 2017. Hii kitu itazidi kubanwa.

Kwa hivyo anzia home. Cheki fyuzi. Badilisha filta ya hewa ya ndani. Osha vumbi kwa kondensa, pale mbele ya rejeta, na maji ya pole pole. Ukiona mafuta mafuta kwa maungio ya paipu, hapo ndio shida.

Lakini paipu usifungue mwenyewe, hiyo gesi inaunguza macho na ngozi kwa baridi. Fundi atafute panapovuja, azibe, ndio ajaze. Akikataa, pita.