Eneo la wazi lisipolindwa leo, kesho halinunuliki

Chandimu siku hizi huchezwa barabarani. Magoli ni mawe manne na refa ni honi ya bodaboda: ikilia, mpira unasimama, watoto wanapisha, kisha mchezo unaendelea. Wasichana wanaocheza rede wamesogezwa hadi ukingoni mwa mtaro, na wadogo wa kombolela hujificha nyuma ya magari yaliyoegeshwa.

Mzazi akiona hivyo huwafokea watoto watoke barabarani. Ni haki yake, lakini kuna swali ambalo wengi hawaliulizi: wakitoka hapo, waende wapi?

Katika mitaa iliyopimwa, jibu lipo kwenye mchoro wa mipango miji. Kila mchoro una viwanja vya makazi, barabara, shule, zahanati na maeneo ya wazi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya bustani na michezo. Tatizo ni kwamba mengi ya maeneo hayo yamebaki kwenye karatasi tu. Ukienda mtaani unakuta fremu za maduka, gereji, baa au nyumba ya mtu. Katika mitaa isiyopimwa hali ni tofauti kidogo: eneo la watoto halikuwahi kutengwa tangu mwanzo.

Ndipo hoja ya fedha inapokuja. Je, halmashauri inunue ardhi kwa ajili ya watoto kucheza wakati bado kuna upungufu wa madarasa, madawati na dawa? Swali hilo ni halali, na mzazi anayetaka kulijibu mbele ya diwani wake anahitaji kujua mambo mawili: kiwanja kina faida gani kwa afya ya mtoto, na kinagharimu nini kikinunuliwa mapema au kikichelewa.

Mchezo si anasa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya ahemee juu na kutoka jasho. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4, ushauri ni dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili, zikigawanywa katika siku nzima. Dakika hizo haziwezi kupatikana sebuleni kati ya kochi na televisheni, wala kwenye korido ya nyumba ya kupanga yenye familia sita.

Kukimbia na kuruka huimarisha mifupa, moyo na misuli ya mtoto, humsaidia kulala vizuri na hupunguza hatari ya unene uliopitiliza. Macho nayo hufaidika: tafiti zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje kwa muda mrefu kwenye mwanga wa mchana wana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kuona karibu tu na kushindwa kuona vya mbali.

Upande wa pili wa hesabu ni mahali pa kuchezea. Kwa mujibu wa WHO, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mtoto anayefanya barabara kuwa uwanja wake anapata mazoezi, lakini anayapata mahali panapoweza kumpotezea uhai.

Kuhusu ukubwa na umbali, ofisi ya WHO ya kanda ya Ulaya iliwahi kupendekeza kipimo rahisi: kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la umma lenye angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, yaani mwendo wa dakika kama tano kwa miguu. Nusu hekta ni ekari moja na robo hivi. Mtaa mwingi wa uswahilini hauna hata robo ya hiyo.

Bili ya kuchelewa

Sasa tuseme halmashauri imekubali kutafuta ardhi katikati ya mtaa uliokwishajaa nyumba. Sheria za Tanzania hazimruhusu yeyote kumwondoa mwananchi bila kumlipa. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, mthamini huhesabu thamani ya ardhi kwa bei ya soko, nyumba na mazao yaliyopo, kisha huongeza posho ya usumbufu, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilometa 20, na posho ya makazi. Kama pana biashara, kuna pia fidia ya faida itakayopotea.

Posho ya makazi peke yake inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka ihesabiwe kwa kodi ya soko ya nyumba husika kwa miezi 36. Chukua mfano wa nusu ekari yenye nyumba 10, kila moja ikiwa na thamani ya kodi ya Sh300,000 kwa mwezi. Mara 36 ni Sh10.8 milioni kwa nyumba moja, na kwa nyumba zote ni Sh108 milioni. Hapo ardhi haijalipwa, nyumba zenyewe hazijalipwa, na hakuna hata bembea moja iliyosimikwa. Malipo yakizidi miezi sita bila kutolewa, riba inaanza kuhesabiwa juu yake.

Hakuna ubaya katika kanuni hizo. Zinamlinda mama aliyejenga vyumba vyake kwa miaka 15 asiondolewe kwa soda na biskuti. Lakini zinaeleza kwa nini diwani akisikia hoja ya kununua eneo la watoto katikati ya mji hukuna kichwa.

Mnunuzi wa kiwanja alishalipa

Hesabu hubadilika kabisa ardhi ikichukuliwa mapema, ikiwa bado shamba au pori. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ni mfano ambao wakazi wengi wa Kibada, Toangoma, Bunju na Mivumoni wanaujua kwa sababu wanaishi ndani yake. Wizara ya Ardhi ilikopa takribani Sh8.9 bilioni kutoka Hazina, ikalipa fidia, ikapima, ikauza viwanja na kurudisha mkopo kwa fedha za mauzo. Siku hizi, chini ya mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha maarufu kama KKK, halmashauri nazo zimekuwa zikikopeshwa fedha bila riba kwa kazi ya namna hiyo.

Mradi wa aina hii huwa na jambo moja ambalo mzazi hapaswi kulisahau. Barabara haiuzwi, eneo la shule haliuzwi na eneo la wazi haliuzwi. Lakini fidia ya ardhi hiyo ililipwa, na upimaji wake uligharimu fedha. Nani alizirudisha? Aliyenunua kiwanja cha makazi. Bei yake ilibeba kiwanja chake pamoja na sehemu ya barabara na ya uwanja wa watoto.

Kwa hiyo mzazi aliyenunua kiwanja kilichopimwa si mwombaji anapouliza eneo la wazi liko wapi. Alishalilipia. Likijengwa fremu, amepoteza kitu chake. Na siku halmashauri ikilazimika kutafuta eneo jingine kwa fidia, fedha zitatoka kwenye ushuru na kodi zake tena. Atakuwa amelipa mara mbili kwa uwanja mmoja.

New York ilivyolipa

Miji tajiri nayo imewahi kukutana na bili hii. Mwaka 1853 bunge la jimbo la New York liliruhusu jiji la New York kutwaa ardhi ya kujenga bustani kubwa inayojulikana leo kama Central Park. Eneo hilo lilikuwa pembezoni mwa mji, lakini tayari lilikuwa limegawanywa na lina wenyewe. Ardhi ilifika zaidi ya dola milioni 7, fedha nyingi kuliko dola milioni 7.2 ambazo serikali ya Marekani ililipa mwaka 1867 kununua jimbo zima la Alaska kutoka Urusi.

Ili kupunguza mzigo, sehemu ya gharama ilitozwa wamiliki wa ardhi waliopakana na bustani, kwa kuwa thamani ya mali zao ingepanda. Leo hakuna anayesema jiji lilipoteza fedha. Hata hivyo, kuna funzo la pili lisilopendeza. Ndani ya eneo hilo kulikuwa na makazi ya Seneca Village, ambako Wamarekani weusi walimiliki nyumba na viwanja, wakiwa na makanisa na shule yao. Wote waliondolewa, na makazi hayo yakafutika. Bustani ya watoto haipendezi ikijengwa juu ya machozi ya watoto wengine, na hiyo ni sababu nyingine ya kutenga ardhi mapema, kabla watu hawajaweka maisha yao hapo.

Ardhi ikiwepo, fedha ya kujenga huja

Kwa hapa nchini, uzoefu unaonyesha kuwa kujenga bustani ni kazi nyepesi kuliko kupata mahali pa kuijenga. Bustani ya Forodhani mjini Zanzibar ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, kituo cha michezo cha vijana cha JMK kilifunguliwa mwaka 2015 kwa fedha za wafadhili. Dodoma imepata bustani ya Chinangali kupitia mradi wa miji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Maeneo haya matatu yanafanana kwa kitu kimoja: ardhi ilikuwepo mikononi mwa umma. Mfadhili hutoa fedha za bembea, taa, nyasi na vyoo. Ni nadra kumpata atakayekubali kulipa fidia ya nyumba 10. Halmashauri iliyopoteza maeneo yake ya wazi imepoteza pia misaada ambayo ingekuja baadaye.

Na kupotea kwa ardhi ya watoto hakuchukui muda. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana na kuusukuma ukuta huo, polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Kelele za wananchi zilikuwa kubwa, na serikali ya Kenya ikaurudisha uwanja kwa shule. Ukuta ulijengwa ndani ya likizo moja tu.

Mzazi aanzie wapi?

Hatua ya kwanza haigharimu kitu. Mzazi aende ofisi ya mtaa au kwa ofisa mipango miji wa halmashauri aombe kuonyeshwa mchoro wa eneo lake. Maeneo ya wazi yameandikwa humo. Kisha atembee na wenzake kuyatafuta: yapo, yamevamiwa, au bikoni zimeng'olewa? Wazazi watano wenye nakala ya mchoro husikilizwa kuliko wazazi 50 wanaolalamika bila karatasi.

Pili, hoja ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa na iandikwe kwenye muhtasari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, lakini mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla. Anayesubiri Juni kudai uwanja amechelewa mwaka mzima.

Tatu, kinachoombwa kiwe kitu kinachowezekana. Kwa mitaa iliyopimwa, ombi la kwanza si kununua ardhi bali kulinda iliyopo: kurudisha bikoni, kuandaa hati kwa jina la halmashauri, kuweka bango na kupanda miti mpakani. Fedha za kazi hiyo ni ndogo sana zikilinganishwa na fidia ya nyumba 10. Mtu akitangaza kusudio la kubadili matumizi ya kiwanja cha wazi, wazazi wawasilishe pingamizi kwa maandishi.

Kwa mitaa isiyopimwa, wakati mzuri ni urasimishaji. Wakazi huwa tayari kumega vipande vya viwanja ili barabara ipite, kwa sababu kila mmoja anaona faida ya gari kufika mlangoni. Uwanja wa watoto hausemwi kwenye vikao hivyo, na mpima akishaondoka nafasi imekwisha. Halmashauri pia inaweza kuweka fungu dogo kila mwaka la kununua kiwanja kimoja pale mwenyewe anapouza kwa hiari. Robo ekari kwa mwaka haijengi Central Park, lakini kwa miaka minne ni ekari moja.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna viwanja ambavyo tayari ni vya umma na hulala tupu kuanzia saa 10 jioni: viwanja vya shule za msingi. Kamati ya shule, mwalimu mkuu na serikali ya mtaa wakikubaliana, geti linaweza kufunguliwa Jumamosi na Jumapili kukiwa na mzazi wa zamu. Gharama yake ni mlinzi na ufagio.

Darasa, zahanati na kiwanja cha kuchezea havipaswi kugombanishwa kwenye bajeti, maana vyote vinamhudumia mtoto yuleyule. Tofauti ni kwamba darasa lisipojengwa mwaka huu, linaweza kujengwa mwaka ujao mahali palepale. Eneo la wazi likishajengwa nyumba ya mtu, bajeti ya mwaka ujao haitalirudisha.