Jongo, ndagala na maharagwe ya mgao

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tunaulizwa mara kwa mara, hasa na familia zilizotoka upande wa ziwa: Rumonge, Minago, Magara, Karonda mpaka Nyanza-Lac. Swali lenyewe liko hivi. Mzee amelala vizuri, usiku wa manane anaamka akipiga kelele. Kidole gumba cha mguu kimevimba, kinang'aa, kina moto, hata shuka ikimgusa anaona kama anachomwa. Asubuhi majirani wanasema amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Akienda kutibiwa anaambiwa asidi imezidi kwenye damu, basi asile nyama, asile samaki, asile maharagwe. Mama wa nyumba anabaki anashika kichwa: maharagwe ndiyo tunayopewa kwenye mgao, sasa nimpikie nini?

Tuanze na hiyo dawa ya njiani, maana imeshagombanisha watu wengi bure. Huu ugonjwa unaitwa jongo. Wengine wanasema gauti, na waliosoma Kifaransa wanasema guti. Mwili wetu, na vyakula vingi tunavyokula, vina kitu kinachoitwa purini. Mwili ukishakivunja, yanabaki masalia yanayoitwa asidi ya yuriki. Kazi ya kuyatoa ni ya figo zaidi, kwa njia ya mkojo. Masalia yakizidi, au figo zikishindwa kuyatoa yote, yanarundikana kwenye damu. Yakipita kiasi fulani yanaganda kwenye viungo, chembe ngumu kali kama visindano. Yanapenda kuganda mahali penye baridi, na kwenye mwili wa mtu hakuna penye baridi kama vidole vya mguu usiku. Ndiyo maana maumivu yanaanzia pale na saa zile. Hakuna jirani aliyetega kitu.

Mara nyingi jongo huwapata wanaume waliofika miaka 40 na kuendelea, na akina mama baada ya kukoma hedhi. Tena hutembea katika ukoo: kama baba alikuwa nayo, mtoto wake wa kiume aangalie.

Sasa tuje kwenye sufuria. Mtu wa Rumonge ukimwambia habari ya ndagala unamgusa moyo, na sisi tunalijua hilo. Taa za wavuvi usiku zikiwa zimejipanga juu ya maji kama mji mwingine, asubuhi mitumbwi inarudi, ndagala wanaanikwa mchangani na juu ya vichanja vya waya mpaka wakauke. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna kazi, maana taa haziwavuti. Wengine waliacha hayo mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015, lakini harufu ya ndagala hawajaisahau. Na anayepata pesa kidogo hapa kambini, kitu cha kwanza anachotafuta sokoni ni fungu la ndagala wakavu.

Lakini tuseme ukweli. Ndagala ni wa jamii moja na dagaa na sadini, na hao samaki wadogo ni katika vyakula vyenye purini nyingi sana. Unamla mzima, na kichwa chake na matumbo yake. Akikaushwa maji yanaondoka, purini inabaki, kwa hiyo konzi moja ya ndagala wakavu ni samaki wengi kuliko unavyoona. Wengine katika kundi hilo ni maini, figo, moyo na utumbo wa ng'ombe au mbuzi. Nyama nyekundu ya kawaida inafuata. Samaki mkubwa, kama mukeke au ngege, kipande kimoja cha mnofu mara mojamoja, ni afadhali kuliko bakuli la ndagala.

Maharagwe je? Hapa ndipo tunataka msikilize vizuri. Ni kweli maharagwe, njegere na dengu vina purini kiasi fulani. Zamani waganga wengi walivikataza pamoja na nyama, na mpaka leo makatazo hayo yanarudiwa. Mwaka 2004 huko Marekani yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Walioonekana kupata jongo zaidi ni wale waliokula sana nyama na samaki. Waliokula mboga na nafaka zenye purini hawakuongezeka kuugua. Wanywaji wa maziwa walipata jongo kidogo zaidi kuliko wengine. Hao si watu wa ziwa letu, tunajua, wala hawakuwa wanakula mgao, lakini figo ni figo. Kwa hiyo mama, mpikie mzee maharagwe yake. Mpikie njegere pia, na uji wa unga wa mahindi na soya ukipatikana. Kumnyima maharagwe mtu ambaye hana kitu kingine cha kujenga mwili ni kumtia ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Tena njaa yenyewe haisaidii. Mtu akikaa siku nzima bila kula, asidi hupanda badala ya kushuka, na maumivu yanaweza kuanza hapohapo. Tumeona wazee wakijifungia kula wakidhani wanasafisha damu. Hapana, wazee wetu, msifanye hivyo.

Lengalenga, kabichi, mlenda, majani ya maboga, sombe: hivyo vyote mgonjwa anakula. Tatizo la sombe ni kile kinachotiwa ndani yake. Kwetu sombe bila ndagala wa kutwangwa watu wanaona haijaiva! Dawa yake ni rahisi: sombe ikishaiva na mawese yake, toa bakuli la mzee kwanza, tia karanga za kutwanga, halafu ndipo umimine ndagala kwenye sufuria ya watoto. Tunasema ya watoto makusudi. Mtoto anahitaji ndagala. Wale mifupa yao inampa mtoto mifupa, na nyama yake inampa damu. Msije mkaondoa ndagala nyumba nzima kwa sababu ya mguu wa baba.

Na siku ambayo hakuna kingine kabisa ila ndagala? Waloweke, wachemshe, mwaga yale maji ya kwanza, halafu ndiyo uwapike. Purini huingia majini, kwa hiyo sehemu inaondoka na yale maji, ingawa si yote. Mgonjwa apewe kidogo, na asinywe mchuzi. Mchuzi ndio uliobeba kila kitu.

Sasa pombe. Hapa tutaudhi watu, lakini si mnatujua. Katika vinywaji vyote, bia ndiyo mbaya zaidi kwa jongo, kwa sababu mbili: kilevi kinazuia figo kutoa asidi, na bia yenyewe ina purini iliyotoka kwenye hamira. Kwa wale wanaume wa Marekani, waliokunywa bia mbili au zaidi kila siku walipata jongo mara mbili na nusu ya wasiokunywa bia. Ya mtama inayonywewa kwa mrija na machicha yake, na ya ndizi, nazo zimechachuka kwa hamira. Usijidanganye kwamba ni ya kienyeji, haina kitu. Gongo nayo si salama. Mzee ambaye anashindwa kuacha kabisa apunguze, na wakati mguu unauma asionje hata tone. Tunawaambia vijana pia: soda na juisi za sukari nyingi hupandisha asidi. Hilo wakumbushwe hata ndugu zetu waliopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007, maana huko soda ni rahisi kupatikana kuliko maji ya kisima hapa.

Kahawa haina neno. Chai haina neno, ila sukari iwe kidogo.

Maji ndiyo dawa ambayo haiuzwi, lakini hapa kambini ina foleni. Mtu mwenye jongo anahitaji kunywa kama lita 2 mpaka 3 kwa siku ili figo zioshe asidi. Kiwango cha chini kinachokubalika katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na humo kuna kupika, kuoga na kufua. Basi lita za mzee zitengwe asubuhi kabla ndoo haijaingia kwenye kazi nyingine: chupa mbili za lita moja, zikae pembeni yake, zikiisha zijazwe. Tunajua pia sababu nyingine inayofanya wazee wasinywe maji, ambayo wanaona aibu kuisema. Choo kiko mbali na usiku ni giza. Anywe zaidi asubuhi na mchana, apunguze jioni, na apewe chombo cha kukojolea ndani, kimwagwe asubuhi. Hakuna aibu. Ila mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye figo zake zimeshaharibika, aulize kwanza kwa mganga ni maji kiasi gani anaruhusiwa.

Siku mguu unapowaka, mzee apumzike, mguu uinuliwe juu ya kitu, na kitambaa cha maji baridi kiwekwe. Usiukande kwa maji moto, usiusugue, na tafadhali usichanje chale juu ya uvimbe, kidonda chake kitaleta balaa kubwa zaidi. Zahanati wanaweza kumpa ibuprofeni, daiklofenaki au kolchisini. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aseme mapema, kwa sababu ibuprofeni na daiklofenaki zinaweza kumdhuru. Bila dawa maumivu huisha yenyewe kwa wiki moja au mbili, na hapo ndipo watu wanadhani wamepona.

Kiungo kikivimba pamoja na homa kali na kutetemeka, usingoje. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na hiyo ni ya kukimbilia siku hiyohiyo.

Kipimo cha damu kinatakiwa kuonyesha asidi chini ya 6 kwa yule mwenye jongo. Maabara nyingine, hasa za upande wa Burundi na Kongo, huandika kwa lita, kwa hiyo 60 yao ni 6 ileile, usishtuke. Wakati wa maumivu kipimo kinaweza kudanganya kikaonekana kizuri. Rudi upime tena baada ya wiki mbili au zaidi tangu uvimbe uishe.

Na tusiwadanganye: chakula peke yake hushusha asidi kidogo, mara nyingi kama 1 tu. Mtu ambaye mguu unamrudia mara mbili au zaidi kwa mwaka, au ameshaota vinundu kwenye vidole au masikio, anahitaji alopurinoli. Huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, na hunywewa kila siku hata kama hakuna maumivu. Miezi ya mwanzo mguu unaweza kuuma zaidi, usiiache kwa sababu hiyo. Lakini ukiona vipele, ngozi inawasha au mdomo unatoka vidonda, acha siku hiyo na uende zahanati mara moja.

Neno kwa wanaotumia dawa nyingine. Vidonge vya presha vinavyokojoza, asprini, na pirazinamidi iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu, vyote vinaweza kupandisha asidi. Mwenye kifua kikuu akiumwa viungo asikatishe dawa hata siku moja. Aende kwa wale wanaompa aseme, watamsaidia bila kuvunja matibabu.

Kwa familia zinazojiandaa kurudi Rumonge: kabla ya kupanda basi, mwombeni mganga karatasi yenye jina la dawa, dozi na kipimo cha mwisho, na akiba ya dawa ya kutosha mpaka mtakapopata kituo huko. Karatasi hiyo ikae pamoja na hati za safari, si ndani ya mzigo.

Mwezi ujao tutaongea juu ya macho ya watoto.