Koltani mnaiuliza ilikotoka, chura hamumuulizi

Barua ya wazi kwa Tume ya Ulaya, Kurugenzi Kuu ya Mazingira, Brussels



Mfuko wa koltani wa Rubaya, hapa Masisi katika milima ya mashariki mwa Congo, ulipaswa kufungwa mdomo, kutiwa etiketi ya plastiki yenye namba na kuandikwa daftarini kabla ya kupakiwa. Kasiterite, madini ya bati, ya Bisie, kule Walikale, vivyo hivyo. Utaratibu huo umechezewa sana, na tangu waasi wa M23 waiteke Rubaya Aprili 2024 madini yake yamevushwa hadi Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika hilo. Hata hivyo kanuni yenu 2017/821, inayotumika tangu Januari 2021, angalau inamtaka mwagizaji wa Ulaya ajue madini yake yametoka wapi.

Chura wa milima hiyohiyo haulizwi.

Nawasemea vyura wadogo wa matete, jamii ya Hyperolius, ambao kwenu wako watu wanaowafuga kwenye visanduku vya kioo. Hawamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Congo ilijiunga nao 1976. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros johnstoni, yumo katika Kiambatisho cha 2, kwa hiyo haingii kwenu bila kibali cha kwao na kibali chenu. Chura hupita tu. Hata forodhani hana namba yake: reptilia wanayo, yeye hutupwa kwenye fungu la "wanyama wengineo". Nani basi atajua wameingia wangapi, wa aina gani?

Congo ina sheria yake ya kuhifadhi viumbe, namba 14/003 ya Februari 2014. Lakini mtu akiivunja, akamvusha chura mpakani ndani ya chupa, akishamfikisha kwenye maonyesho ya Hamm, Ujerumani, anamuuza mchana kweupe. Marekani sivyo. Huko Lacey Act, sheria iliyozaliwa 1900, humtia hatiani anayeingiza mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya nchi nyingine.

Msituambie ni vigumu kuwa na sheria kama hiyo. Kuvu ilipowaua salamanda wenu, mwaka 2018 mliweka karantini na cheti cha afya kwa salamanda wanaoingia. Kwa mbao mlianza 2013: zilizokatwa kinyume cha sheria za kwao ni marufuku sokoni mwenu.

Tunaomba kifungu kimoja tu. Anayeleta mnyama wa porini athibitishe kwamba alikamatwa na kutolewa nchini kihalali. Mzigo huo aubebe mwagizaji, si mtoto wa kijijini atakayepewa faranga chache akaokote vyura bwawani.

Wala msitosheke na muhuri. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, ilhali vibali vya CITES hutolewa na ICCN, taasisi ya Congo ya kuhifadhi viumbe, yenye makao Kinshasa. Atakayewaonyesha leo kibali cha mnyama wa Masisi, mwulizeni kwanza amemtoa kwa njia ipi.

Mkaaji wa Masisi