Nesi Akiondoka, Tusimlaumu Yeye Kwanza

Vijana wenzangu, kila nesi akifunga virago kwenda Uingereza ama Saudia, lawama ni ile ile: ati hana wito, ati anapenda pesa. Jamani, wito haulipi kodi ya nyumba.

Tuangalie yaliyotokea. Desemba 2016 madaktari waligoma siku 100 wakidai mkataba uliotiwa saini 2013 utekelezwe. Viongozi wao wakatupwa jela. Mwaka huo wa 2017 manesi nao wakagoma karibu miezi mitano. Machi 2024 madaktari wakagoma tena, siku 56, sababu moja kubwa ikiwa madaktari wanagenzi: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za mkataba wa 2017. Ahadi inavunjwa, halafu aliyeahidiwa ndiye anaambiwa hana uzalendo.

Ndiyo, mgomo unaumiza wagonjwa, na wengine wamezika watu wao. Lakini kuna mgomo mwingine usio na mabango: daktari anaondoka kimyakimya, na harudi.

Anayeumia ni nani? Mwenye pesa ataenda hospitali ya kibinafsi. Mama yako na mamangu ndio wanaofika wodini usiku wakakuta nesi mmoja na vitanda vimejaa. Nesi mzoefu ameshaenda, na huyu wa kandarasi akishaijua kazi vizuri, kandarasi yake imeisha.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya afya bora. Haki hiyo haitoki kwa jengo jipya lililopakwa rangi. Inatoka kwa mtu aliye zamu.

Tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, kwa hivyo swali linaanzia kwa gavana wako. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Nenda na maswali matatu: Wahudumu wangapi wako kwa kandarasi, na wataajiriwa lini kwa kudumu? Nani amekaa cheo kimoja miaka mingi bila kupandishwa? Mishahara inalipwa kwa wakati, na makato ya pensheni yanafikishwa?

Majibu yaandike, na mwaka ujao rudi nayo. Tusingoje mpaka tuwe tumesimama kando ya kitanda cha mgonjwa wetu ndipo tuulize nesi yuko wapi.